Jinsi ya kuchagua kidhibiti chaji cha sola kwa bajeti finyu

KATIKA mtambo mdogo wa sola, betri ndiyo hugharimu pesa nyingi na ndiyo huharibika mapema. Aghalabu lawama huelekezwa kwa betri yenyewe, ilhali huenda kosa ni la kidhibiti chaji, yaani kile kisanduku kidogo kinachofungwa kati yake na paneli.

Kidhibiti huruhusu umeme wa jua uingie kwenye betri, huupunguza betri inapokaribia kujaa na huuzuia usirudi kwenye paneli usiku. Vingi pia huzima taa kabla betri haijaisha kabisa.

Madukani kuna aina mbili. Ya kwanza, PWM, ni ya bei nafuu. Huunganisha paneli na betri moja kwa moja, hivyo paneli hulazimika kushuka hadi volti za betri. Ya pili, MPPT, ni ghali zaidi, nayo hugeuza volti za ziada za paneli kuwa ampea.

Chukua mfano wa kinyozi asiye na stima ambaye ana betri ya volti 12 na paneli ya wati 100. Katika jua kali, paneli hiyo hutoa takriban volti 18 na ampea 5.5. Kupitia PWM, ampea hizo huingia kwenye betri iliyo na volti 13, yaani wati 72 hivi. MPPT ingemwongezea wati 20 hivi, na paneli ikipata joto nyongeza hiyo hupungua. Kwake PWM yatosha. Pesa zinazosalia zinunue betri bora.

Hali hubadilika akinunua paneli kubwa ya wati 250 yenye seli 60, ambayo hutoa takriban volti 30 na ampea 8.3. Kupitia PWM, betri hiyo hiyo itapata wati 108 pekee na zaidi ya nusu ya nguvu aliyolipia itapotea. Hapa MPPT ndiyo nafuu ya kweli.

Ukubwa nao hukokotolewa. Kwa PWM, soma nyuma ya paneli ampea za juu kabisa, ziandikwazo Isc, kisha uzidishe kwa 1.25. Paneli ya Isc 6 huhitaji ampea 7.5, basi nunua kidhibiti cha ampea 10. Kwa MPPT, gawanya wati za paneli kwa volti za betri: 250 kwa 12 ni karibu 21, hivyo cha ampea 30 kinafaa.

Hali kadhalika, linganisha volti za juu za paneli, Voc, na kikomo cha kidhibiti. Paneli mbili za volti 38 zikiunganishwa kwa mfuatano hufikia volti 76, na zinaweza kukiunguza kidhibiti cha volti 75. Asubuhi yenye baridi volti hupanda zaidi, kwa hivyo acha nafasi.

Jihadhari na vidhibiti vya bei ya chini mno vilivyobandikwa jina la MPPT. Betri ikiwa haijajaa na jua likiwaka, mwombe fundi apime ampea zinazotoka kwenye paneli na zinazoingia kwenye betri. Zikilingana ilhali volti za paneli zimeipita betri kwa mbali, hiyo si MPPT.

Hakikisha pia kidhibiti kinaweza kupangwa kulingana na aina ya betri, kwani betri ya asidi na ya lithiamu hazichajiwi kwa namna moja.

Wakati wa kufunga, unganisha betri kwanza, kisha paneli. Wakati wa kufungua, tangulia na paneli. Weka fyuzi karibu na betri. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, na udai risiti na dhamana ya maandishi.