Kabla Hujamwita Prodyuza Tapeli, Soma Hii Historia

Leo tunaacha kidogo umbea wa mastaa, tunaingia chumbani kwa prodyuza.

Kuna jamaa mmoja wa Ujiji, jina kapuni. Programu yake ya kutengenezea biti ilikuwa ya kuchakachua, kapewa kwenye fleshi. Siku moja virusi wakala kila kitu. Biti za miaka miwili, kwisha habari. Wasanii wakamuita tapeli, maana advansi alishakula.

Sasa kwa nini vijana wetu tunategemea vya kuchakachua? Turudi nyuma.

Mwaka 1983 ilitoka MIDI, lugha ya vyombo vya muziki kuelewana na kompyuta. Haibebi sauti, inabeba maelekezo: noti gani, ipigwe lini, kwa nguvu kiasi gani. Programu inayopanga maelekezo hayo ndiyo inazaa biti. Mwaka 1997 Wabelgiji wakaleta FruityLoops, leo inaitwa FL Studio. Maprodyuza wakaipenda balaa. Ila inauzwa, tena kwa dola.

Upande wa pili, mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alianzisha Linux, ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Mwanzoni kwa muziki ilikuwa mtihani: unabonyeza kinanda, sauti inachelewa kutoka. Watu wakatengeneza ALSA ya kuongea na kadi ya sauti, kisha JACK ya kuunganisha programu za muziki bila kuchelewa sana. Mwaka 2004 ikazaliwa LMMS, unapanga biti kwa mtindo unaokaribiana na wa FL. Mwaka huohuo ikatoka Ubuntu, Linux yenye jina la Kiafrika, mwanzilishi wake Msauzi. Hadi 2011 walikuwa wanatuma CD zake bure kwa posta.

Na sisi huku? Mwaka 2012 Kigoma All Stars waliachia Leka Dutigite, nchi nzima ikajua ziwani kuna vipaji. Lakini wangapi wameondoka na reli ileile iliyofika hapa 1914, zaidi ya kilomita 1,200, kufuata studio za Dar?

Sisemi LMMS ni muujiza. Vokali utarekodia kwenye Audacity au Ardour, na faili zako za FL usitegemee zifunguke humo. Pia Linux haimrudishii mtu biti alizopoteza.

Jamaa yetu alianza upya, sifuri kabisa, kwenye laptopu kuukuu yenye Linux. Kila biti sasa anaiweka sehemu mbili. Wa advansi anawalipa mmoja mmoja, kwa ngoma. Wawili bado hawampokelei simu.

Wewe ungempokelea? Tupia koment hapo chini, matusi hapana.