Shamba Lisilo Daftarini

Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 iliitangaza ardhi yote ya koloni lao kuwa mali ya Dola, isipokuwa ya aliyeweza kuthibitisha kuwa ni yake. Mwenye karatasi hakupata taabu. Mkulima wa Mkange alikuwa na miembe na majirani.

Ndiyo maana jamaa yangu alipotaka nakala ya hati ya shamba la babu yake, nilimwambia asipoteze nauli. Msajili wa Hati hupekua daftari kwa ada, lakini hutoa nakala ya kilichosajiliwa tu. Aende masjala ya ardhi ya kijiji, iliyowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Asipolikuta, aombe hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji. Mipaka wataitaja wazee; na wanaoijua, ndugu msomaji, wamebaki wawili.