Wenyeji na wageni wa bonde la Iguhu

Anayeshuka kwa miguu kutoka maboma ya Iguhu hadi ukingo wa mto Yala, kisha akashika njia ya mashariki kuelekea msitu wa Kakamega, hutembea kwenye kijani mwanzo hadi mwisho. Bonde hili liko zaidi ya mita 1400 juu ya usawa wa bahari, mvua ni nyingi, na ardhi haikai wazi kwa muda mrefu. Lakini kijani hicho si cha ukoo mmoja. Mikaratusi iliyojipanga mipakani mwa mashamba asili yake ni Australia. Mahindi, mihogo na mipera ilitoka Amerika, na chai ikatoka Asia. Hata tithonia, yale maua ya manjano yanayozingira boma baada ya boma, ambayo kijana wa Idakho anaweza kuapa kwamba yalikuwapo tangu enzi za babu wa babu yake, kwao ni Mexico. Miti ya hapa hasa huanza kuonekana kwa wingi msitu unapokaribia.

Wageni wengi kati ya hao waliletwa kwa haja fulani. Ukizifuata haja hizo moja moja, unapata historia ya karne nzima ya bonde hili: reli, dhahabu, mbao, majani chai na karo ya shule.

Kabla ya yote hayo kulikuwa na msitu. Wanasayansi wanauhesabu msitu wa Kakamega kuwa kipande cha mashariki kabisa cha misitu ya mvua ya Kongo na Uganda, na ndiyo maana una ndege, nyoka na miti isiyopatikana kwingine nchini Kenya. Kwa Waisukha na Waidakho, wenyeji wa eneo hili, msitu huo ulikuwa ghala na duka la dawa. Lusiola ilitoa nguzo za nyumba zisizoliwa upesi na mchwa. Mukumari, mti wa mbao laini na maua meupe, ulichongwa mizinga na vyombo. Mwiritsa ulibanduliwa gome la kutibu tumbo. Jani lake ukilifikicha hutoa harufu kali ya lozi. Murembe, wenye maua mekundu kama makaa na shina lenye miiba, uliheshimiwa kiasi kwamba watu waliapia chini yake na hawakuutia jikoni kama kuni. Shambani palikuwa na wimbi, nafaka ya Afrika, na mboga kama mrenda na saga ambazo hadi leo huuzwa kwa mafungu katika masoko ya Kakamega.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Injini za garimoshi zilikula kuni kwa kasi ambayo msitu wa asili usingeweza kuistahimili, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaingiza mikaratusi nchini ili iwe kuni za garimoshi. Uteuzi huo ulikuwa na akili yake. Mkaratusi hukua haraka, hunyooka wima, na ukiukata huchipuka tena kwenye kisiki. Sifa hizohizo zilizompendeza afisa wa reli ndizo zinazompendeza mkulima wa Iguhu leo, kwa sababu shina moja lililonyooka linaweza kuuzwa kama nguzo ya umeme au ya ujenzi, na pesa zake zikalipa muhula mmoja wa shule. Anayemlaumu mkulima huyo bila kutazama hesabu zake hamtendei haki.

Kisha ikaja dhahabu. Mwaka 1931 Mmarekani L. A. Johnson aliyekuwa amehamia Kenya aligundua dhahabu Kakamega, na kwa muda mfupi wazungu wakamiminika na mahema yao na kupima viwanja katika ardhi ya watu. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba maeneo yao yangehifadhiwa kwa ajili yao daima. Mwishoni mwa 1932 ilirekebishwa ili migodi ipate nafasi. Mwaka mmoja baadaye, 1933, msitu wa Kakamega ukatangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi chini ya serikali. Miaka hiyo miwili haifai kusomwa mbalimbali. Mwenyeji alipigwa mipaka pande zote mbili, kwenye dhahabu iliyo chini ya udongo na kwenye mti ulio juu yake.

Alama za enzi hiyo bado zipo. Njia inayopanda kilima cha Lirhanda msituni, upande wa Isecheno, hupita karibu na shimo la mgodi wa zamani ambalo sasa ni makao ya popo. Mashimo kama hayo yalitaka magogo ya kuyaegemeza yasiporomoke, na magogo yalitoka msituni. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, ingawa vijana wa Ikolomani wanaendelea kuchimba na kuosha udongo kwa mikono mpaka leo.

Baada ya mashoka ya migodi zikaja misumeno ya mbao. Mti mkubwa wa asili ulipokatwa, idara ya misitu mara nyingi haikupanda wa aina yake, kwa kuwa mti wa asili huchukua miongo mingi kukomaa. Ilipanda misaipresi na misonobari kutoka Mexico, na bischofia kutoka Asia. Kazi hiyo ilifanywa kwa mpango ambao wazee wengi wanaukumbuka kwa jina la mfumo wa shamba: familia ilipewa kipande cha msitu uliokatwa, ikalima mahindi na maharagwe katikati ya miche, na ilipofika wakati miche imekuwa mikubwa kiasi cha kuziba jua, ikahamia kipande kingine. Serikali ilipata miti iliyopaliliwa bure, watu wakapata chakula. Mfumo huo ulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980, ukarudi kwa sura nyingine baada ya sheria ya misitu ya mwaka 2005.

Mwaka 1986 ukaletwa mgeni mwingine, safari hii kwa jina la uhifadhi. Serikali ya Rais Moi ilianzisha mradi wa mashamba ya chai ya Nyayo pembezoni mwa misitu, ukiwamo huu wa Kakamega, ili ukanda wa chai uwe ukuta kati ya watu na msitu. Ukuta huo nao ulipandwa kwenye ardhi ya msitu.

Lakini si kila mti uliopandwa kwa mistari ulikuwa wa kigeni. Idara ilipanda pia mutere, mti wa hapahapa unaokua haraka, na mmoja mkubwa wa Isecheno umepewa na watembeza wageni jina la Mama Mutere. Matunda yake huliwa na hondohondo, wanaosambaza mbegu msituni. Huku ni mwenyeji anayesifiwa. Katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, mutere huohuo uliletwa enzi za wakoloni na kupandwa zaidi katika miongo ya katikati ya karne iliyopita, na hondohondo wa kule wakafanya kazi ileile; leo watu wa hifadhi ya Amani, iliyo katika milima hiyo, wanauhesabu miongoni mwa wavamizi wabaya wa misitu yao.

Kwa hiyo swali la mti ulitoka wapi halitoshi. Inabidi kuuliza unafanya nini mahali uliposimama, na Iguhu imejibu swali hilo kwa undani kuliko vijiji vingi vya Afrika Mashariki, kwa sababu ya malaria. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kutoka Kisumu pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani na Japani walifanya kazi katika bonde hili, wakichota viluwiluwi vya mbu kwenye mitaro na kupima joto ndani ya nyumba. Walikuta kwamba nyumba zilizo mahali palipokatwa miti zilikuwa na joto zaidi kuliko zilizo karibu na msitu, kwa tofauti inayozidi digrii moja. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kwa mbu wa malaria ni kubwa: mayai yake hukomaa mapema zaidi, na kimelea kilicho ndani yake hakikawii. Kinamasi chenye mimea yake ya asili kina kivuli na maji yake ni baridi. Kikifyekwa na kuchimbwa mitaro ya kulimia mboga, hubaki vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, navyo ndivyo mbu huyo anavyovipenda.

Mkulima aliyepanda mikaratusi kwenye kinamasi alikuwa na hoja: inanyonya maji na kukausha ardhi. Ni kweli, lakini inakausha pia chemchemi ambayo jirani anachota. Mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye kingo za mito na maeneo ya chemchemi nchini kote. Agizo lilitekelezwa nusunusu, kwa kuwa lilitaka watu waache mapato bila kuwaonyesha mengine. Wakati huohuo majaribio katika nyanda hizi za juu yalionyesha kwamba nyasi za napier zikipandwa kando ya mitaro hutia kivuli na kupunguza viluwiluwi, na ng'ombe anapata malisho. Napier ni nyasi ya Afrika. Mkaratusi una nafasi yake juu ya mteremko, mbali na maji. Kwenye kinamasi hauna hoja inayoweza kuutetea.

Mpera nao umepata watetezi ambao haikutarajiwa wangejitokeza. Uliletwa kwa ajili ya tunda, ndege na watoto wakaueneza, ukasimama wenyewe malishoni na kando ya njia hata ukaitwa kero. Watafiti wa Ujerumani waliokuja Kakamega katika mradi wa BIOTA walitazama chini ya mipera iliyosimama peke yake mashambani, na katika makala ya mwaka 2008 wakaeleza walichokikuta: miche ya miti ya msituni. Ndege wanaofuata mapera hutua, hudondosha mbegu walizozimeza msituni, na mbegu huota kwenye kivuli cha mgeni. Mkulima akiacha kupalilia chini ya mpera mmoja, msitu humjia hadi shambani bila kununua mche. Tithonia pia imejikomboa kwa namna yake, maana majani yake yakikatwa na kufukiwa hurutubisha udongo uliokosa fosforasi, jambo lililochunguzwa kwa kina Maseno miaka ya 1990.

Upande wa wenyeji, hatari kubwa imekuwa kupendwa kupita kiasi. Gome la mwiritsa hutengenezwa dawa ya tezi dume huko Ulaya, na biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995, kwani mti uliobanduliwa gome pande zote hufa ukiwa umesimama. Mukombero, mtambaa wa msituni ambao mizizi yake huuzwa barabarani kwa vifungu, ukitafunwa una ukali kidogo mwanzoni, halafu ladha tamu yenye harufu ya vanila. Kuung'oa mzizi ni kuumaliza mmea. Nazo ngoma zinazopigwa katika dansi ya isukuti, ambayo UNESCO mwaka 2014 iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, zinakabiliwa pia na uhaba wa vifaa vya kuzitengenezea.

Dawa ya hali hiyo imeonekana pale mmea ulipohamishiwa shambani. Kikundi cha wakulima cha Muliru, jirani na msitu, kilishirikiana na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kulima mwonyi, mmea wa jamii ya mrihani wenye harufu ya kafuri. Majani hukatwa, hukaushwa na kukamuliwa mafuta kwa mvuke, na mafuta hayo hutengenezwa dawa ya kuchua ya Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mukombero nao umeanza kulimwa vivyo hivyo, na mizizi inayotoka shambani huuzwa bila mtu kuingia msituni na jembe.