Sindano: Historia ya Neno Kutoka Tundu Hadi Ncha

Aghalabu majina ya vifaa vya nyumbani huchukuliwa na wahakiki kuwa hayana historia. Kamusi huipa nguvu dhana hiyo zinapoorodhesha maana za neno kwa tarakimu, bila kubainisha ipi ilitangulia na ipi ilizuka baadaye. Neno sindano ni mfano bayana. Makala haya yanadai kwamba historia ya neno hili imehifadhiwa zaidi katika vitenzi vinavyoandamana nalo kuliko katika nomino yenyewe.

Maana kongwe ni ile ya ushonaji. Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, alifika Mombasa mwaka 1844. Hiyo ilikuwa miaka tisa kabla ya Alexander Wood wa Edinburgh na Charles Pravaz wa Lyon kuunda, kila mmoja kwa njia yake, bomba la kuingizia dawa mwilini. Sindano aliyoikuta pwani ilikuwa ya fundi wa nguo na ya mshona kofia. Kisarufi, ilikuwa ala: mtu alishona kwa sindano. Sindano kubwa ya kushonea magunia ilikuwa na jina lake, shazia. Hata mpunga wa sindano, uliokuja kulimwa katika mradi wa Mwea ulioanzishwa miaka ya 1950, uliitwa hivyo kwa wembamba wa punje zake.

Katika matini za kidini, kinachotajwa ni tundu. Kurani (Sura ya 7, aya ya 40) na Injili ya Mathayo (19:24) zote zina taswira ya ngamia na tundu la sindano. Ya kwanza inawahusu wanaozikanusha ishara za Mungu kwa kiburi. Ya pili inamhusu tajiri. Katika zote mbili, sindano haimchomi yeyote. Uzito wa taswira umo katika udogo wa njia.

Mabadiliko makubwa yalikuja na tiba ya kikoloni. Katika miaka ya 1920, nchini Kenya, wagonjwa wengi wa buba walitibiwa kwa sindano za dawa zenye aseniki au bismuthi. Vidonda vilikauka upesi, na imani ya watu katika sindano ikakua kupita imani yao katika dawa ya kunywa. Papo hapo, hofu haikukosekana: uvumi wa mumiani, yaani wanyonya damu, ulienea sehemu nyingi za Afrika Mashariki katika enzi hiyo.

Sarufi nayo iligeuka. Kama ilivyo katika piga pasi na piga simu, kitenzi piga kilikipokea kifaa kipya na kukifanya tendo. Daktari hupiga sindano. Mgonjwa hupigwa sindano. Leo Wakenya husema zaidi kudungwa, na Watanzania kuchomwa. Mtendwa amechukua nafasi ya mbele, na ala imekuwa tiba yenyewe. Chanjo, kwa upande wake, imebaki na kitenzi cha zamani: chanja ni kukata ngozi, ijapokuwa chanjo nyingi sasa hutolewa kwa sindano.

Heroini ilipoenea katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 20, umbo jingine lilipata uzito: kujidunga. Hapa mtenda na mtendwa ni mtu mmoja, na sindano haina haja ya kutajwa. Kitenzi kimeimeza nomino.

Hivyo basi, njia ya neno hili inaanzia kwa sindano, inapitia kupigwa sindano, na kufikia kujidunga. Sindano ya daktari nayo ina tundu ipitiapo dawa, lakini lugha ya kila siku hailitaji. Kilichobaki katika fikira za watu ni ncha na maumivu yake. Kwa mhakiki, jambo hili si dogo. Anayesoma utenzi wa karne ya 19 na kuiona sindano kama ishara ya uchungu huenda anaisomea humo hospitali ambayo mtunzi hakuijua. Kadhalika, anayesoma riwaya ya leo na kuiona kama ishara ya subira ya fundi tu huipokonya karne nzima ya tiba, hofu na uraibu. Kabla ya kuuliza sindano inaashiria nini, yafaa kwanza kuuliza ni kitenzi gani kinaitawala, na nani anatendwa.