Sufuria Pembeni ya Uwanja

Ndugu zangu wahitimu, na nyinyi ambao mungali kwenye masomo, nawaeleza siku moja tu. Ilikuwa siku ya posho. Kwa wenzetu wasiotoka Lubumbashi: hivyo ndivyo tunavyoita Jumamosi, juu ya zamani kampuni ziligawa posho kwa wafanyakazi siku hiyo. Kila juma tunataja historia ya wazee wetu kwa kinywa, na hatuisikii.

Siku hiyo kulikuwa tamasha la sanaa kwenye uwanja wa wazi, mwendo wa dakika 10 kwa miguu kutoka kwetu, komini ya Kenya. Mji wetu umezoea mambo hayo. Tangu mwaka wa 2008 kituo cha sanaa Picha kinaleta maonyesho makubwa hapa, na mara nyingi kazi za wasanii hutoka nje, zikakutana na watu barabarani. Hili la kwetu lilikuwa dogo, la kartié, bila kiingilio. Huku ngoma zimewekwa chini, anayetaka apige. Kule watoto wanafunga nyaya na makopo wapate kutengeneza motokari. Mtoto mmoja alichora samaki kwa vidole, nikamkumbuka Bela, mmoja wa wachoraji wa kwanza wa karakana ya Le Hangar ambayo Pierre Romain-Desfossés aliifungua hapa mwaka wa 1946. Bela naye alichora kwa vidole.

Lakini watu wengi walisimama kwenye ukuta. Ulipakwa chokaa, ukagawanywa vyumba vyumba, na katika kila chumba msanii alianza picha kwa makaa, asiimalize. Kulikuwa gari la moshi, soko, bomba refu la Gécamines. Sharti lilikuwa moja: ukipita, chukua burashi, ongeza kitu.

Chumba cha mwisho kilikuwa na uwanja wa mpira, watu wengi katikati, na askari wenye bunduki pembeni. Niliutambua mara moja. TFC yangu ilihusu mambo hayo hayo. Nikachukua rangi nyekundu, nikaandika chini yake: 9/12/1941.

Mzee mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake.

"Mutoto yangu, ile namba njo nini?"

Nikamweleza kama niko mbele ya jury. Kwamba wakati ule ni vita ya pili ya dunia, shaba ya Katanga inatakiwa sana, kazi inazidi na bei za sokoni zinapanda, lakini mishahara haifuati. Kwamba Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na hapa Élisabethville. Kwamba tarehe 9 wagomaji walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, gavana Maron akaja, mazungumzo yakavunjika, askari wakafyatua risasi. Kwamba Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake, alikuwa kati ya waliouawa. Kwamba hesabu ya wafu ina ubishi mpaka leo: ile ya serikali ya mkoloni ni ndogo kuliko ile ya masimulizi ya kambini.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema:

"Ni muzuri, ulisoma. Sasa nkambo yako, ile siku alikuwa wapi?"

Nikanyamaza. Nkambo yangu alizaliwa katika kambi ya Union Minière. Mwaka ule alikuwa mtoto wa miaka kama 11. Tuliishi naye parcelle moja. Nilipokuwa naandika TFC, nilipita mbele ya kiti chake kila asubuhi nikienda biblioteki kutafuta Desemba 1941. Jioni nikarudi na fotokopi, nikamwamkia, nikaingia ndani. Nilipata mention nzuri. Mwaka uliofuata nkambo alikufa.

Mzee hakunilaumu. Akaomba burashi. Mkono ulikuwa unamtetemeka. Pembeni ya uwanja, nje ya kundi la watu, akachora mafiga matatu, moto kidogo, na sufuria juu yake.

"Miye nilizaliwa nyuma," akasema. "Baba njo alikuwa ananielezea. Bamama ya kambi baliacha chakula ku moto mupaka usiku, banangoja bantu barudie. Bengine hawakurudia."

Kwenye TFC yangu nzima, kurasa 60 na kitu, hamna sufuria hata moja.

Kisha nikaona jambo. Kila aliyefika aliuliza, "Hii sufuria ni ya nini?" na mzee akaanza tena. Watu wakaongezeka. Mama mmoja akasema na kwao habari hiyo ilisemwa, akachora sufuria ya pili. Kijana mmoja akauliza wale askari walikuwa watoto wa nani. Hapo zikaja kelele, na kelele ile ilikuwa na faida.

Wachoraji wa zamani wa mji huu walikuwa na neno la kazi kama hiyo: ukumbusho. Miaka ya 1970 ungeingia salon ya mfanyakazi, ukakuta ukutani picha ya "Colonie belge", mfungwa anapigwa fimbo chini ya bendera. Picha ilitundikwa ili mgeni aulize, na mwenye nyumba aeleze. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka wa 1947, alichora historia yote ya nchi katika picha karibu 100, kati ya 1973 na 1974, akamweleza Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa, kila picha kwa Kiswahili chetu. Mauaji ya 1941 yamo. Tshibumba hakuwepo siku ile, alizaliwa miaka 6 baadaye. Alichora aliyoyasikia. Maneno yake yalitoka kitabuni mwaka wa 1996, kwa Kiingereza, na mimi niliyasoma kwa Kiingereza, na wenye kusema Kiswahili kile walikuwa wameketi uani kwetu.

Jioni waandalizi walitangaza kwamba Jumatatu ukuta utapakwa chokaa tena. Nikamwomba mzee ruhusa, tukaketi chini ya mwembe, nikamrekodi kwa telefone dakika 40, mpaka betri ikaisha.

Nilifika nyumbani usiku. Mama alikuwa anatwanga sombe. Nikamuuliza nkambo alikuwa anasema nini juu ya ile siku ya uwanja.

Mama akasimamisha mchi.

"Hakusema kitu. Ila hakuendaka ku mupira hata siku moja. Hata Mazembe icheze, hata tikiti ya bule. Shee tulikuwa tunawaza hapendi tu mupira."

Akaendelea kutwanga. Nikachomeka telefone kwenye moto, nikavuta kiti cha nkambo, nikakaa karibu naye.

"Mama, anza tena. Polepole."