Miombo Juu ya Udongo wa Kichanga: Hoja Kuhusu Jumuiya za Mimea katika Nyanda za Juu za Kigoma

Katika taaluma ya mimea, jumuiya ya mimea ni kundi la spishi ambazo huonekana pamoja mara kwa mara kwa kuwa zinastahimili udongo, mvua na moto wa namna moja. Mifano inayotajwa sana vitabuni ni ya kaskazini mwa dunia, hasa misitu ya misindano na mialoni iliyoota kwenye mchanga usio na rutuba wa Poland, Ujerumani na mashariki mwa Marekani. Mkoani Kigoma, Tanzania, hakuna mialoni ya asili, na msindano wowote ulioko huko umepandwa na watu. Hata hivyo nyanda za juu za Kakonko, Kibondo na Kasulu zina miombo, ambayo kwa jinsi inavyojilisha ni ndugu wa karibu wa misitu hiyo, na undugu wenyewe umefichika chini ya ardhi. Hoja ya makala haya ni kwamba anayeupuuza undugu huo hukosea hata anapodhani anaurudisha msitu.

Sehemu kubwa ya nyanda hizi imelala juu ya mawe ya mchanga ya mfumo wa Bukoba, ambayo yakivunjikavunjika hutoa udongo mwepesi, wenye asidi, usioshika maji na wenye fosforasi haba. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanga, alionyesha mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika kwa mfuatano unaojirudia kutoka kileleni hadi bondeni, na mimea huufuata mpangilio huo. Ndivyo ilivyo huku: kwenye miteremko yenye mawe na mchanga hutawala miti ya jenasi Brachystegia na Julbernardia, ikichanganyika na mninga, mkurungu, mbula na mikusu, ilhali mbugani, kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji, miombo hukoma ghafla na kuyaachia majani.

Swali ni jinsi miti mikubwa kiasi hicho inavyoishi mahali ambapo muhogo wenyewe hupungua mavuno baada ya misimu michache. Jibu limo katika mikoraiza, yaani ushirika wa kuvu na mizizi. Miti mingi ya tropiki hushirikiana na kuvu wanaoingia ndani ya seli za mizizi. Lakini utafiti wa Peter Högberg, uliochapishwa mwaka 1982, ulionyesha kwamba miti mikuu ya miombo ya Tanzania hubeba aina nyingine, ambayo kuvu huuvika ncha ya mzizi ala na kutandaza nyuzi zake mbali udongoni, akiuletea mti fosforasi na naitrojeni na kulipwa sukari. Huo ndio ushirika wa misindano na mialoni. Mninga haumo katika mkataba huo, kwa kuwa una kuvu wa aina ile ya kwanza pamoja na vinundu vya bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Kwa hiyo orodha ya miti peke yake, hata iwe ndefu namna gani, haitoshi kuieleza jumuiya hii. Sehemu ya kuvu inayoonekana kwa macho ni uyoga, ambao mvua zikianza hujaza vikapu vya akina mama, na wachumaji wazoefu hujua wautafute chini ya mti gani. Kitabu cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi kuhusu uyoga wa Tanzania, cha mwaka 2003, kinaonyesha utajiri huo, na haieleweki kwa nini mipango ya misitu huupa nafasi ndogo mno.

Hapa ndipo hoja ya kupanda miti inapohitaji kuchujwa. Msindano unaopandwa zaidi nchini, Pinus patula, asili yake ni milima ya Mexico, ambako huota jirani na mialoni, na katika nchi za tropiki wataalamu walijifunza mapema kwamba miche yake hudumaa mpaka bustani itiwe udongo wenye kuvu wake. Kuvu hao ni wageni kama mti wenyewe. Msindano hutoa mbao kwa miaka michache kuliko mninga, na faida hiyo ni ya kweli. Lakini visiki vya miombo vikishang'olewa ili kuupisha, kuvu wa asili hupoteza wenyeji wao, na kuwarudisha ni kazi ngumu. Maganda ya miombo hupasuka na kurusha mbegu umbali mfupi tu, na mbegu zenyewe hazidumu muda mrefu ardhini. Msitu huu hujirudisha hasa kwa machipukizi ya visiki na mizizi.

Historia ya Buha, nchi ya Waha yenye nyanda hizi, inathibitisha uwezo huo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale, na Operesheni Vijiji iliwahamisha tena katika miaka ya 1970. Mashamba mengi yaliyoachwa yaligeuka miombo, kwa sababu jembe la mkono lilikuwa limeiacha mizizi hai. Kuanzia miaka ya 1990 mahitaji ya kuni yaliibana misitu iliyozunguka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, lakini mti uliokatwa kwa panga haumo hatarini kama ule uliong'olewa. Moto nao una kiasi chake: majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza miaka ya 1930, yalionyesha kwamba moto wa mwisho wa kiangazi huugeuza msitu kuwa nyasi, ilhali ule wa mapema huuacha uendelee.

Kwa hiyo halmashauri za Kakonko, Kibondo na Kasulu, zinaposaidia vijiji kutenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, zianze kwa kukagua mahali penye visiki vilivyo hai na kuvilinda kwa mbinu ambayo wakulima wa Dodoma wanaiita kisiki hai, ya kuchagua machipukizi machache na kupogoa mengine. Shamba la misindano lililopandwa palipong'olewa visiki liandikwe katika hesabu za mbao. Katika hesabu za msitu uliorejeshwa halistahili kuingia.