Pasipoti na Viza ya Matembezi: Majibu kwa Ndugu Zetu wa Sumbawanga na Ufipa



Tumepokea maswali kutoka kwa ndugu zetu wa Sumbawanga, Laela, Matai, Namanyere na Kasanga kuhusu pasipoti na viza. Mengi yanafanana, hivyo tumeona tuyajibu pamoja ili faida iwe ya wote.

Msingi wa mas-ala haya

Wanazuoni wa fiqhi tangu zamani wamezungumzia "amani", yaani ruhusa ya kuingia nchi ya watu wengine kwa usalama. Anayeipokea amekubali masharti yake. Viza ya leo ni mfano wa hiyo amani. Aya ya kwanza ya Suratul-Maaidah inawaamuru waumini kutimiza mikataba, na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa Waislamu wanafungwa na masharti waliyoyakubali. Basi anayesema ubalozini "naenda kutembea" ilhali nia yake ni nyengine, amesema uongo na amevunja ahadi.

Swali: Nilizaliwa nyumbani kijijini Kalambo, sina cheti cha kuzaliwa. Nimeshauriwa nitaje tarehe na mahali popote ili nipate pasipoti. Inafaa?

Haifai. Huo ni ushahidi wa uongo, nao ni katika madhambi makubwa. Kisheria pia ni kosa kutoa maelezo ya uongo katika maombi ya pasipoti. Njia iliyo wazi ni kuomba usajili wa kuzaliwa uliochelewa kwa RITA, kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ukiwa na vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza shule ya msingi au kitambulisho cha taifa. Ukishapata cheti, unajaza maombi kwenye tovuti ya Uhamiaji, unalipa kwa namba ya malipo, kisha unakwenda ofisi ya Uhamiaji na vielelezo vyako. Ada iliyotangazwa pasipoti ya kielektroniki ilipozinduliwa Januari 2018 ni shilingi 150,000, na pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10. Basi ianzeni kazi hii mapema, mazao yanapouzwa, msingoje mwezi wa safari.

Swali: Nimesilimu. Vyeti vyangu vina jina la ubatizo, na msikitini naitwa Yusuf. Nitumie lipi?

Ufipa ni nchi ambayo wamisionari wa Kikatoliki wamefanya kazi tangu karne ya 19, na wengi wanaosilimu huko wana hali hii. Kubadili jina si sharti la Uislamu. Maswahaba wengi walibaki na majina yao ya awali, na Mtume (S.A.W.) alibadilisha yale yenye maana mbaya. Kwa hiyo unaweza kusafiri na kuhiji kwa jina lililo katika vyeti vyako, na ibada yako haipungui kitu. Ukitaka jina jipya liwe rasmi, fanya hati ya kubadili jina na uisajili, kisha urekebishe kitambulisho cha taifa kabla ya kuomba pasipoti. Usiwe na jina moja huku na jengine kule. Na hakuna ubaya kutumia cheti cha ubatizo kama kielelezo cha tarehe uliyozaliwa, kwani hapo ni ushahidi wa tarehe tu.

Swali: Mtu anataka "chai" ili faili langu lisogee. Nitoe?

Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Kutoa ili uwapite wenzio kwenye foleni, au upate usichostahiki, ni haramu bila ya shaka. Ama aliyezuiliwa haki yake kwa dhulma na asipate njia nyengine kabisa, wanazuoni wengi wamesema dhambi ni ya mpokeaji. Lakini sharti la kukosa njia nyengine ni zito. Zipo ngazi za juu za ofisi hiyo hiyo, na ipo TAKUKURU, inayopigiwa simu bure kwa namba 113. Zijaribuni hizo kwanza.

Swali: Tuna jamaa Mbala, Zambia. Lazima tupite Kasesya, au tupite njia za porini kama wazee wetu?

Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili za mpaka, na kuunga udugu ni wajibu. Lakini wajibu huo hauhalalishi kuvuka kwa kificho. Mtanzania anayekwenda Zambia kwa matembezi mafupi haombi viza kabla ya safari. Anatakiwa awe na hati halali ya kusafiria na agongewe muhuri. Kuacha jambo jepesi namna hii na kujitia khatarini kukamatwa si busara.

Swali: Wakala ameniambia nitaingia Saudia kwa viza ya matembezi, nijifiche Makkah mpaka siku ya Arafa. Gharama ni nusu ya Hijja ya kawaida. Mimi ni mzee, nakhofu kufa bila kuhiji.

Mzee wetu, Allaah Akulipe kwa shauku yako. Lakini usiende kwa njia hiyo.

Viza ya matembezi inaruhusu Umra nje ya msimu wa Hijja, hairuhusu Hijja. Mwaka 2024 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudia lilitoa tamko kuwa haijuzu kwenda Hijja bila kibali, na anayefanya hivyo anapata dhambi. Mwaka huo mahujaji 1,301 walifariki katika joto kali, na serikali ya Saudia ilisema asilimia 83 yao hawakuwa na kibali. Walitembea masafa marefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika, kwa kuwa mahema na mabasi ni ya wenye vibali. Misri ikazifutia leseni kampuni 16 zilizowapeleka watu kwa viza za namna hiyo. Mwaka 2025 faini iliyotangazwa kwa anayehiji bila kibali ilifika riyali 20,000. Kwa hiyo hiyo "nusu gharama" huenda ikawa ghali kuliko Hijja yenyewe.

Aliyekwisha kuhiji hivyo, Hijja yake inasihi ikiwa ametimiza nguzo zake, pamoja na dhambi ya kuvunja ahadi. Ni kama anayeswali katika ardhi ya kunyang'anya: kwa madhehebu ya Shafi'i swala inasihi na dhambi inabaki. Na aliyepita miqati bila kuhirimia, kwa kuwakhofu askari, juu yake pana fidia ya kuchinja.

Kumbuka Hudaybiyyah, mwaka wa 6 Hijria. Mtume (S.A.W.) na Maswahaba wapatao 1,400 walifika karibu na Makkah wakiwa wamehirimia, na wao ndio waliokuwa na haki zaidi na Al-Ka'aba kuliko waliowazuia. Pamoja na hayo, mkataba ulipofungwa kuwa warudi, walichinja, wakanyoa, wakarudi Madiynah, na wakaja mwaka uliofuata. Ikiwa yeye alirudi kwa ajili ya mkataba, sisi ni nani tuuvunje kwa jina la ibada yake?

Hijja ni kwa mwenye uwezo, na kuruhusiwa kuingia ni sehemu ya uwezo huo. Asiyepata kibali mwaka huu hana dhambi mwaka huu, na nia yake haipotei kwa Mola wake. Andika wasia, weka fedha, endelea kuomba. Ikiwa umeshamlipa wakala huyo, una haki ya kudai fedha zako. Na kabla ya kumlipa mwengine, muulize: viza ni ya aina gani, na kibali cha Nusuk kitakuwa kwa jina langu? Akigugumia, ondoka.

Swali: Mwanamke avue niqabu kwa picha ya pasipoti?

Uso unaonekana kwa ajili ya utambulisho, na mafaqihi wameruhusu hilo kwa haja kama ya ushahidi. Nywele na shingo zibaki zimefunikwa. Aombe mpigapicha na afisa mwanamke, na akipatikana ndio bora.

Swali: Binti yetu amepata kazi za ndani Oman, ila atakwenda kwa viza ya matembezi.

Msimruhusu. Mbali na kuvunja sharti, akidhulumiwa mshahara au kupigwa hana mkataba wa kumsimamia. Aende kwa viza ya kazi na mkataba uliothibitishwa, na nakala ibaki kwa wazazi Sumbawanga.

Khatima

Hakikisheni pasipoti ina zaidi ya miezi sita kabla ya kumalizika, na chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudia kwa Hijja au Umra. Ubalozi uko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwenu, hivyo ulizeni kwa simu kwanza kabla ya kupanda basi.

Tunamuomba Allaah Awafungulie njia ya halali na Awafikishe Nyumba Yake wakiwa salama.

Na Allaah Anajua zaidi.